Makaburi Mawili ya Fundi wa Boila

Wazee wa upande wetu husema kabla ya kiwanda, pale njia panda hapakuwa na kitu ila mikorosho na kisima kimoja cha maji ya magadi. Barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi ilipita hapo, na nyingine ya vumbi ikaikata, upande mmoja ikishuka pwani na upande wa pili ikipanda bara. Watu walipofika hapo walikaza mwendo. Waganga walikuwa wakiyatupa pale magonjwa ya wateja wao, na mpita njia wa asubuhi angekuta chungu kilichovunjwa, kitambaa chekundu na manyoya ya kuku. Nyanya yangu, aliyelima mahindi na mihogo kule Adu maisha yake yote, hakuacha kushangaa kwamba binti yake alikwenda kutafuta maisha mahali ambapo wenzake huenda kutupa mikosi.

Binti huyo ni mama yangu. Alikwenda kwa sababu ya korosho. Kiwanda kilipojengwa kiliwaita watu kutoka kila upande nao wakaja: Wagiriama wa mashambani kama sisi, Waswahili wa Malindi waliofungua maduka, Wakamba, Waluo, Waluhya, Wakikuyu, na wengine ambao hatukujua kwao ni wapi. Zikajengwa nyumba za wafanyakazi, safu kwa safu, chumba kimoja kimoja. Msikiti ukajengwa huku na kanisa kule, na vyote viwili vikateka maji kwenye mfereji mmoja. Dohani ya kiwanda ilikuwa ndefu kuliko mnazi wowote, na moshi wake ulinukia maganda ya korosho yanayoungua, harufu tamu yenye ukali ndani yake, inayokaa kwenye nguo hata baada ya kufuliwa.

Mama alikuwa mbanguaji. Ganda la korosho lina utomvu unaochoma, na miaka ile ilimfuta alama za vidole. Alipokwenda kuchukua kitambulisho kipya, karani alimpaka wino, akambonyeza kwenye karatasi, akatazama, akambonyeza tena, kisha akamwambia, "Mama, wewe huna vidole." Mama alilihadithia jambo hilo akicheka, lakini nilimwona baadaye ameketi uani akizitazama ncha za vidole vyake kama mtu aliyepoteza sindano.

Kisha kiwanda kilifungwa. Sijui sababu zake, na waliosema wanazijua kila mmoja alikuwa na yake. Mimi nakumbuka tu kwamba Jumatatu moja king'ora hakikulia. Watu walitoka wakasimama milangoni wamevaa nguo za kazi, wakitazama dohani isiyotoa moshi. Baada ya hapo walianza kuondoka, familia moja leo, nyingine kesho, magodoro juu ya mikokoteni. Baba yangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi. Aliipata, akapata na mke hukohuko.

Mji uliobaki ulikuwa kama nyumba ambayo wenyewe wametoka na kuacha mlango wazi. Ungepita kwenye safu za nyumba mchana ukasikia mtu akikohoa, ukachungulia ukakuta chumba kitupu na popo. Saa saba ya mchana, wakati wa jua kali ambapo wazee wa pwani hukataza watoto kutoka kwa sababu ya majini, hakuna aliyethubutu kukatiza uwanja wa kiwanda. Mama alifungua hoteli pale penye makutano ya barabara, kibanda cha mabati chenye meza chache, akawapikia madereva wa malori ya chumvi yaliyotoka pande za Ngomeni. Mimi nilikuwa nimemaliza shule sina kazi. Nikawa namsaidia, na mpaka leo niko palepale.

Katika wale waliokataa kuondoka alikuwamo fundi wa boila, lile tanuri la mvuke la kiwanda.

Jina lake hatukulijua. Kiwandani alikuwa Fundi, na baada ya kiwanda akabaki Fundi. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mweusi wa kung'aa, mwenye kovu la moto lililoanza sikioni likashuka hadi shingoni, na alizungumza Kiswahili cha polepole kama anayechagua mawe ya kukanyaga mtoni. Aliishi katika chumba chake kilekile. Alitengeneza pampu za maji, baiskeli, majiko, chochote kilichokuwa cha chuma. Na kila alasiri alikwenda kiwandani, akapita penye ukuta uliobomoka, akalipangusa boila vumbi. Nilimwona mwenyewe. Boila lililokuwa halijawashwa miaka, lenye kutu mbavuni, naye analipangusa kwa kitambaa kama anayemwogesha mgonjwa.

Alikula kwetu asubuhi na jioni. Meza yake ilikuwa ile ya pembeni karibu na jiko. Mama alimwita "Fundi," naye alimwita mama "Mama," kama wateja wote. Alikuwa akicheka kwa mabega tu, sauti haitoki. Ukimuuliza kwao wapi, anakujibu, "Kwetu ni hapa." Ukimuuliza watoto, anakuomba maji ya kunywa.

Kuna siku moja ambayo sikuielewa wakati ule. Dereva mmoja wa lori la chumvi, kijana wa kutoka magharibi karibu na mpaka wa Uganda, alikuwa akila na utingo wake, akimsimulia mambo ya nyumbani.

"Kwetu tumezika mgomba," alisema.

Utingo, kijana wa hapa pwani, alicheka. "Mgomba una roho?"

"Usicheke. Kuna jirani yetu alikuja huku pwani kufanya kazi ya mitambo, akapotea. Miaka na miaka, barua hakuna, habari hakuna. Mtu mmoja akaja akasema amesikia alikufa kwa homa. Basi watoto wake wakawa wanaugua, hasa yule msichana mdogo, kila siku hospitali. Wazee wakasema roho ya baba yao inazunguka, haina mahali pa kulala. Wakakata mgomba wa urefu wa mtu, wakauvalisha koti lake, watu wakalia, ukazikwa."

Fundi alikuwa mezani kwake. Aliuliza bila kugeuka, "Na watoto?"

"Walipona, mzee. Yule msichana ndiye leo anaongoza darasa."

Fundi alikiweka chini kikombe chake. Akainuka, akatoka. Chai yake ilibaki imejaa, ikapata utando juu. Mama aliitazama kwa muda mrefu bila kuiondoa, nami nikadhani amekasirika kwa sababu chai imepotea bure.

Miaka ikapita. Nywele za Fundi zikawa nyeupe, na mikono ikaanza kumtetemeka. Mama akawa anamkatia nyama vipande vidogo bila kuambiwa.

Asubuhi aliyokosa kuja, mama alinituma nikamtazame. Mlango haukuwa na komeo. Alikuwa ameketi kwenye kitanda, mgongo ukutani, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote mpaka shingoni. Nilimwamkia, "Shikamoo, Fundi." Nikamwamkia tena. Jua lilikuwa limeingia dirishani likamfika magotini, na inzi mmoja alitembea juu ya mkono wake bila mkono kutikisika.

Chifu alikuja, polisi wakaja, wakaandika yao wakaenda. Kitambulisho chake kilikuwa kimechakaa mpaka hakisomeki. Ndipo tatizo likazaliwa. Katika mji wetu karibu kila aliyekufa alikuwa na watu wake. Wagiriama walipelekwa mashambani kwao, Waislamu walizikwa siku hiyohiyo nyuma ya msikiti, watu wa bara walichangiwa wakasafirishwa. Huyu tungempeleka wapi? Wanaume walikusanyika mbele ya hoteli yetu.

"Sijamwona msikitini hata Ijumaa moja," alisema mzee wa msikiti.

"Wala kanisani sijamwona," alisema mchungaji.

"Watu wa kwao wako wapi?"

"Watu wa kwao nani, na kwao kwenyewe hatukujui?"

Waliongea mpaka jua likawa la utosi. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Mnabishana na yeye anaoza," alisema. "Huyu amekula kwangu kuliko mume wangu. Nitamzika mimi. Nataka wa kuchimba na wa kuomba, basi."

Vijana wa msikitini walikwenda kuchimba, kwa kuwa ndio waliozoea kuchimba haraka. Mchungaji aliomba. Nyanya alikuja kutoka Adu na kibuyu cha tembo la mnazi, akamwaga kidogo juu ya udongo, akasema maneno ya Kigiriama kwa sauti ya chini. Tulimzika nyuma ya kiwanda, chini ya mikorosho, mahali walipozikwa zamani wafanyakazi wachache wasio na jamaa. Vilima vyao vilikuwa vimeshuka mpaka ukavikanyaga usijue.

Haikupita muda watu wakaanza kumwona.

Wa kwanza alikuwa muuza maji. Alikatiza uwanja wa kiwanda saa saba ya mchana, akamwona mtu amesimama penye ukuta uliobomoka, ana kitambaa begani. Akamsalimu. Mtu hakuitika, akageuka akaingia ndani. Kisha wanawake waliokuwa wakiokota kuni walisikia boila likipumua, pumzi ndefu kama zamani lilipokuwa likipandishwa moto. Mlinzi wa kiwanja, Mkamba mmoja asiyeogopa nyoka wala chui, aliacha kazi akarudi kwao Kitui. Hotelini, wateja hawakukaa tena kwenye meza ya pembeni. Hata wageni, madereva wasiojua lolote, waliiruka wakaenda kubanana kwingine, na ukiwauliza wanasema tu, "Pale pana baridi." Karibu na jiko!

Mimi sikumwona. Lakini asubuhi, nikiwa nimeinama napuliza makaa, nilisikia mtu akivuta kiti nyuma yangu, nami nikasema "Karibu" kwa mazoea, nikageuka. Kiti kilikuwa mahali pake. Shingo yangu ilibaki na baridi mpaka adhuhuri.

Mama alikonda. Aliacha kuongea na wateja. Nyanya alimtazama siku nyingi, kisha akamwambia mbele yangu, "Koma, roho ya mtu mzima aliyekufa, hazunguki bure. Sisi wafu wetu tunawajua na wao wanatujua. Huyu anaita watu ambao hawamsikii. Wewe unajua kitu, mwanangu."

Kesho yake yule dereva wa magharibi alisimama kula. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye tumbo, lakini bado akibeba chumvi. Mama alimwita uani. Alikuwa na picha ya Fundi, moja tu, iliyopigwa kwa simu yangu siku ya sikukuu, na aliniambia nimtumie dereva. Dereva aliitazama. Aliikuza kwa vidole mpaka kovu la shingoni, lile alilokuwa akilisikia likitajwa nyumbani, likajaa kioo chote. Kisha akakaa chini, palepale mchangani.

"Mama," alisema, "huyu mtu tulimzika."

"Najua," mama akasema. "Na mimi nimemzika. Nenda kawaambie."

Walikuja wawili, kaka na dada. Kaka alikuwa mwanamume wa makamo, mwalimu, mwenye koti licha ya joto letu. Dada alikuwa mwembamba, muuguzi katika hospitali ya kwao. Niliwawekea chai. Bila kujua, yule dada alikwenda akaketi kwenye meza ya pembeni, nami nikashindwa kumwambia.

"Alikuwa mtu wa namna gani?" aliniuliza.

Nikamwambia alipenda mchicha, hakula kichwa cha samaki, na kwamba alicheka kwa mabega. Dada akamgeukia kaka yake. Kaka aliangalia pembeni upesi, na nikaelewa kwamba naye hucheka hivyo.

Tuliwapeleka kaburini. Kaka alisimama mbali kidogo na kilima, mikono mfukoni, asikaribie.

"Hatuwezi kumchukua," alisema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mwalimu anayesoma kanuni ambayo hakuitunga. "Nyumbani ana kaburi. Wazee wamekataa hata udongo wa hapa usiletwe. Mtu hazikwi mara mbili katika boma moja. Ukifungua kaburi lililofungwa unaita kifo kingine. Na lau angerudi akiwa hai, asingeingia kwa mlango. Wangemkimbia."

"Mimi ndiye niliyekuwa nikiugua," dada alisema. Alikuwa amepiga magoti, anang'oa majani juu ya kaburi. "Walipozika ule mgomba nilipona wiki ileile. Utoto wangu wote niliambiwa baba yako alikufa na kukuponya. Nilikuwa naweka maua pale. Nilikuwa nauwekea mgomba maua, na yeye yuko hapa anakula mchicha!"

Akalia kwa sauti, na kaka yake bado hakusogea.

Jioni, walipokwisha kulala kwa mchungaji, niliosha vyombo na mama. Nilimuuliza, "Ulijua tangu lini?"

Alifuta sufuria polepole. "Tangu siku ile alipoacha chai. Nilipomaliza kazi nilimfuata. Nilimkuta ameketi ndani ya boila, mle wanamotia maganda, amejikunja. Akaniambia kiwanda kilipofungwa aliona haya kwenda kwao mikono mitupu. Akasema atakwenda mwaka ujao. Kila mwaka akasema mwaka ujao. Mpaka akasikia ameshazikwa, na mtoto amepona."

"Si angetuma hata salamu?"

"Angetuma, na mtoto akaugua tena? Hivyo ndivyo alivyofikiri. Alisema, Mama, wakijua mimi ni mzima, watakuwa wamezika uongo, na uongo hauponyi mtu. Akaniapisha."

Kisha akasema, bila kunitazama, "Baadaye kabisa, nilimwambia tuoane. Watu wa hapa walikwisha kusema yao juu yetu, kwa nini tusiyafanye kweli? Akacheka kule kucheka kwake. Akasema, mtu aliyezikwa haoi."

Nilisimama na kitambaa mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa katikati yao nikipeleka sahani na kurudisha sahani.

"Mbona umewaita sasa?"

"Nilimwapia kunyamaza akiwa hai, na sasa hayuko," mama alisema. "Na huyu binti keshakuwa mtu mzima, ana afya yake. Baba yake anaita, mimi ndiye ninayemsikia, na mimi siye ninayeitwa."

Kaka na dada waliondoka. Tulidhani yamekwisha. Watu waliendelea kuruka ile meza, na muuza maji aliendelea kuzunguka mbali.

Kisha, mvua za vuli zilipokwisha, yule binti alirudi akiwa amemshika mkono bibi kizee mfupi, mwenye kilemba cha kijani na viatu vya mpira. Alikuwa mama yake. Mke wa Fundi, aliyelia juu ya mgomba, kisha akarithiwa na shemeji yake kama desturi yao ilivyotaka, akazaa wengine, akamzika huyo shemeji pia. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Wazee wa kwao walimkataza kuja, binti alituambia, naye akawajibu kwamba kwa umri wake hakuna kifo cha kumwogopesha.

Mama alitoka jikoni akipangusa mikono. Wakatazamana, wanawake wawili wazee, mmoja wa mashariki ya nchi na mmoja wa magharibi. Mama akamwamkia. Bibi hakuitika salamu. Aliuliza jambo lililomleta.

"Alikuwa mume wako?"

Nilisikia mafuta yakichemka jikoni. Binti aliinamisha kichwa.

"La, dada yangu," mama alisema. "Nilimtaka. Yeye hakunitaka. Alisema yeye ni wa kaburi la kwenu."

Binti alimtafsiria. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akamtazama mama tangu kichwani mpaka miguuni, kisha akamshika mkono, akaugeuza kiganja juu, akavipapasa vile vidole laini visivyo na alama. Hakuuachia mkono ule njia nzima mpaka mikoroshoni.

Pale kaburini aliketi chini kabisa, miguu ameinyoosha, kama mtu aliyefika kwake. Akaanza kuzungumza lugha yao. Alizungumza kwa sauti ya kawaida, mara akipandisha, mara akipiga udongo kwa kiganja, mara akicheka peke yake. Jua lilikuwa la saa saba. Hakuna aliyesema tuondoke.

"Anasema nini?" nilimnong'oneza binti.

"Anamgombeza," alinijibu, machozi yakimtiririka na huku anatabasamu. "Anamwuliza ni nani aliyemfunza haya ya kijinga namna ile. Amemwambia koti walilomzikia lilikuwa jipya, na alilionea uchungu. Sasa anampa habari za nyumbani. Nani ameoa. Nani amekufa. Kaka amejenga nyumba ya matofali. Mvua ilinyesha vipi."

"Atamaliza lini?"

"Habari ni nyingi," binti alisema.

Mama alikwenda akaketi kando ya yule bibi. Hakuelewa neno hata moja, lakini kila bibi alipotulia kuvuta pumzi, mama aliitikia, "Eee," kama aitikiavyo mtu hadithi, na bibi akaendelea.